SAFARI YA TANGA ZIWA TANGANYIKA: MAELEZO KWA WANAOKWENDA LIKIZO MKOA WA KATAVI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaochukua likizo zao Bara pamoja na watoto huwa wepesi kulichukulia Ziwa Tanganyika kuwa ni bahari ndogo. Dhana hiyo inahitaji maelezo, hasa kwa anayekusudia kushinda chomboni siku nzima katika mwambao wa Mkoa wa Katavi, baina ya Ikola na Karema.

Kwanza, maji ya ziwa ni matamu, nayo ni mepesi kuliko ya bahari kwa karibu asilimia 2.5. Chombo chenye shehena ile ile huzama zaidi kidogo. Kwa chombo tofauti hiyo si kubwa. Kwa mtoto aliyejifunza kuelea katika maji ya chumvi ni kubwa, kwani atachoka mapema asivyotarajia. Aidha, ziwa hilo lina kina kinachofikia mita 1,470. Kwa hiyo jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu ufukweni, lisiwekwe chini ya kiti. Kabla ya kuoga, wenyeji waulizwe habari za mamba na viboko.

Pili, ziwani hakuna bamvua wala maji mafu ya kuhesabiwa. Nahodha hangojei maji, hungojea upepo. Mchana nchi kavu hupata joto na kuvuta upepo kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka. Juu ya hayo, tangu Mei hadi Septemba huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, mawimbi hupata nafasi ya kukua. Kwenda Karema ni kuelekea kusini, yaani kupiga bisha saa nyingi. Kurudi Ikola ni kwenda na upepo wa nyuma. Atakayeng'oa nanga alfajiri atakuwa amefanya la busara.

Maboti mengi ya huko sasa huenda kwa mashine, lakini hesabu ya watu ni ile ile. Visiwani hapana haja ya kueleza maana ya kupakia kupita kiasi: msiba wa MV Spice Islander I wa Septemba 2011 ungali mioyoni. Vyombo vya Bara husimamiwa na TASAC, na utabiri wa upepo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Karema penyewe panastahili saa mbili tatu. Wabelgiji walijenga kituo hapo mwaka 1879, na Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani utotoni kisha akasomea uganga Malta, alitibu watu hapo tangu 1889 hadi alipofariki 1956.

Kutoka Mpanda hadi Karema ipo barabara, zaidi ya kilomita 100. Inashauriwa gari la familia litangulie Karema, ili upepo ukikataa jioni, asiwepo mtu wa kulazimika kurudi kwa chombo.