Daktari Kijana Anapokubali Kupanda Mlima



Dominika moja baada ya Misa, hapa Bungu, alinifuata binti wa parokia aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari. Mama yake alisimama pembeni akimsubiri, nasi tukaongea kando ya ukuta wa kanisa, ukungu ukiwa haujapanda kutoka mabondeni. Akaniuliza: “Baba, nikimaliza masomo nirudi huku? Wenzangu wananiambia nitajizika nikiwa hai.”

Sikumjibu kwa haraka. Nilimwambia anipe muda, kwa sababu padre anayemwambia kijana wa watu “njoo ujitoe” bila kujua gharama ya neno hilo anamtwisha mzigo ambao yeye mwenyewe haubebi. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na ninyi pia, ndugu wapendwa, lawahusu. Mtaona sababu.

Tuanze na njia yenyewe. Kijana wa Tanzania anayetaka kuwa daktari husoma masomo ya sayansi hadi kidato cha sita, kisha miaka mitano ya shahada ya udaktari, kisha mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali kubwa chini ya usimamizi. Hapo ndipo hupewa usajili kamili. Wengi hutegemea fedha za Bodi ya Mikopo, na wanapopata ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa hiyo daktari wa umri wa miaka 27 hafiki kazini akiwa mikono mitupu: anakuja na deni, na mara nyingi na wadogo zake wanaomtazama awalipie ada.

Sasa tutazame mahali anapoitwa. Kata yetu ya Bungu iko milimani katika Wilaya ya Korogwe, nayo hospitali kubwa iko chini, mjini Korogwe. Jirani zetu wa Bumbuli na Lushoto nao wanaijua vema barabara ya mlimani wakati wa masika, udongo unapoteleza na gari linapokwama. Mpangilio wa huduma nchini mwetu ni wa ngazi: zahanati katika kijiji, kituo cha afya katika kata, hospitali katika wilaya, kisha mkoa, kanda na taifa. Ngazi hizi ni nzuri, lakini zinamtaka mgonjwa awe na muda wa kuzipanda. Mama mwenye uchungu pingamizi, au anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, muda huo hana. Wazee wetu wanakumbuka akina mama waliobebwa kwa machela kushuka mlima usiku, na si wote waliorudi wakiwa hai. Tangu mwaka 2017 serikali imeviboresha vituo vya afya vingi nchini ili viweze kufanya upasuaji wa kujifungua. Jambo hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini chumba cha upasuaji hakijipasulii. Kinahitaji daktari, mtaalamu wa usingizi, mkunga, damu salama na umeme, vyote usiku uleule. Kikikosekana kimoja, mama atashushwa mlima kama zamani.

Iko sababu ya pili, isiyosemwa sana. Magonjwa nayo yana makazi yake, na daktari huyafahamu kwa kukaa nayo. Watafiti wa malaria wameonyesha kwamba katika Usambara maambukizi hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Lakini watu wa juu, kwa kuwa hawaumwi mara kwa mara, hawana kinga kama ya watu wa bondeni, na malaria ikiwafikia yaweza kuwapiga vikali, wakubwa kwa watoto. Tena, tangu mwaka 1980 na kwa zaidi ya miaka ishirini, vijiji kadhaa vya Lushoto vilisumbuliwa na tauni, ugonjwa wa panya na viroboto ambao wengi duniani waliudhani umebaki katika vitabu vya historia. Tauni hutibika kwa dawa za kawaida ikitambuliwa mapema. Ikicheleweshwa, huua. Daktari anayewajua watu wake hushtuka anapomwona mtoto mwenye homa na mtoki uliovimba, na huuliza kama panya wameonekana wakifa nyumbani. Daktari mpya kila baada ya miezi sita hana nafasi ya kujifunza kuuliza hivyo.

Ikiwa haja ni kubwa namna hii, kwa nini hawakai? Tuwe wakweli, tusiwahukumu. Daktari kijana kijijini mara nyingi yuko peke yake. Anapokutana na ugonjwa asioujua, hana mkubwa wake wa kumwuliza. Anaweza kujua dawa inayotakiwa, akaikosa katika stoo, na mgonjwa akafa mikononi mwake. Jeraha hilo la moyoni halionekani katika taarifa yoyote. Nyumba ya mtumishi huenda haipo au inavuja. Mwenzi wake ana kazi mjini, na nafasi za kusomea ubingwa huonekana kama ziko karibu zaidi na wale walio karibu na hospitali kubwa. Lipo pia jambo la kushangaza: miaka hii wapo madaktari waliohitimu na bado wanasubiri ajira, huku vijiji vikisubiri madaktari. Hilo si kosa la kijana, wala sala peke yake hailimalizi. Ni suala la mipango na bajeti, na mwamini ana haki na wajibu wa kulisemea katika mkutano wa kijiji na kwa diwani wake.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu namna ya kuwavuta na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini. Ushauri wake ni rahisi kueleweka. Wachukuliwe wanafunzi waliozaliwa vijijini, kwa kuwa wao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Vyuo vijengwe nje ya miji mikuu, na wanafunzi wafanye sehemu ya mafunzo vijijini. Wapewe ufadhili wenye sharti la kutumikia, na mazingira ya kuishi na kufanyia kazi yawe ya kibinadamu. Kanisa letu nchini lilikwisha kuanza sehemu ya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Afya cha Bugando, Mwanza, kilicho chini ya Baraza la Maaskofu, kilianza kufundisha madaktari mwaka 2003, na huko Ifakara, katika bonde la Kilombero, kipo chuo cha afya chenye jina la Mtakatifu Fransisko.

Historia yetu nayo ina shahidi. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji Leader Stirling, Mwingereza wa miaka 29, alifika Lulindi, karibu na Masasi, chini ya misheni ya Kianglikana. Mwaka 1949 aliingia katika Kanisa Katoliki, akaendelea na utumishi wake Mnero, pamoja na Wabenediktini. Hakurudi kwao. Alikuwa raia wa nchi hii, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wetu wa Afya. Alifariki mwaka 2003. Mtu anayedhani kijijini ni mahali pa kujizika na ayatafakari maisha hayo: ujuzi wa kuongoza afya ya taifa zima aliupata huko porini.

Ndugu wapendwa, tunaujua mfano wa Msamaria Mwema. Sisi mapadre humsifu Msamaria, tukamsahau mwenye nyumba ya wageni. Lakini Msamaria alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, kisha akahitaji mahali pa kumfikisha na mtu wa kuendelea kumtunza. Bila nyumba ile, huruma yake ingeishia njiani. Daktari kijana ndiye Msamaria anayepanda mlima. Swali kwetu ni hili: je, parokia yetu ni nyumba ya wageni?

Nayasema mambo ambayo tunayaweza. Daktari mgeni anapofika, Jumuiya Ndogo Ndogo ya eneo lake imtembelee katika juma la kwanza, awe Mkatoliki au la, kwa kuwa upweke haubagui dini. UWAKA na WAWATA washirikiane na serikali ya kijiji kukarabati nyumba yake. Bati na misumari haviko nje ya uwezo wetu. Vijana wajitokeze kuchangia damu. Akina baba wasimzuie mama mjamzito kwenda kituoni mapema, wakimwachia daktari lawama ya kuchelewa kwao. Mgonjwa anapofariki licha ya juhudi zote, tusikimbilie kusema “wamemwua”. Na binti mwenye kipaji cha sayansi katika shule ya kata asiachwe kwa kukosa ada, kwani daktari wa Bungu wa mwaka 2040 leo yuko darasani, pengine amekaa sakafuni.

Sasa nimjibu binti yangu. Sikuamuru kurudi. Ukiitwa kuwa bingwa wa moyo Muhimbili, nenda kwa amani. Nako kuna wagonjwa wa Mungu. Lakini ukijisikia kuvutwa huku, usidhani ni udhaifu au kukosa malengo. Njoo kwanza kwa miaka miwili au mitatu, usije peke yako, na omba mkubwa wako kazini awe mtu wa kumpigia simu usiku. Endelea kusoma. Ukichoka, sema, na ukiondoka siku moja, hakuna atakayekuhesabu msaliti. Nasi tunakuahidi jambo moja: ukipanda mlima huu, utakuta taa inawaka.

Kama tutaitimiza ahadi hiyo au la, si yeye wa kujibu. Ni sisi.

Mtakatifu Luka, tabibu, utuombee.