KIPAIMARA NA VIJANA WETU (3): Kutoka Ziegenhain hadi Kidia

Msimu wa ubarikio umeanza, na kama kawaida ya kila mwaka magazeti yanatuletea habari ileile. Wachungaji wanawasihi wazazi wapunguze makuu ya sherehe, wazazi wanalalamika kwamba michango imewaelemea, na kumbi zilizojengwa kwa ajili ya harusi zinakodishwa Jumapili baada ya Jumapili kwa watoto ambao ndio kwanza wanamaliza darasa la saba au wameanza sekondari. Wanaosihi nawaunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo naona tunabishana juu ya keki na mshereheshaji, na swali lililo zito zaidi tunalipita. Kijana akishasema "ndiyo" yake mbele ya madhabahu, Jumatatu inayofuata anaamka akiwa na nani?

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze mfululizo huu. Katika sehemu mbili za kwanza tulitazama Petro na Yohana kule Samaria, mafuta na mkono wa askofu katika kanisa la kale, Luther aliyekataa mwaka 1520 kukihesabu kipaimara kuwa sakramenti, na Katekisimu Ndogo ya 1529 aliyoiandika baada ya kutembelea sharika za Saxony na kuhuzunika kwa ujinga aliokuta huko. Hayo sitayarudia. Leo naomba msomaji tufuatane hadi Hesse, katikati ya Ujerumani, kwa sababu kipaimara tunachokijua sisi Walutheri, chenye darasa, maswali mbele ya usharika na kuwekewa mikono, kilipata sura yake huko.

Mtawala wa Hesse wakati huo alikuwa Philipp, na alikuwa na tatizo ambalo wenzake walilimaliza kwa upanga. Katika nchi yake walikuwapo Wakristo wengi waliokataa ubatizo wa watoto wachanga na kuwabatiza upya watu wazima. Sheria ya dola iliyopitishwa Speyer mwaka 1529 iliagiza watu hao wauawe. Kwingineko walichomwa moto na kuzamishwa mitoni, Wakatoliki na Waprotestanti wote wakishiriki katika dhambi hiyo. Philipp aliwafunga na kuwafukuza, lakini alikataa katakata kumuua mtu kwa sababu ya imani peke yake. Kila nikisoma habari zake, na alikuwa na makosa yake makubwa, hapo huwa ninamvulia kofia.

Mwaka 1538 Philipp alimwita Martin Bucer kutoka Strasbourg. Bucer alizaliwa Sélestat mwaka 1491, akawa mtawa wa Kidominiko, kisha akaingia katika Matengenezo na kuwa mchungaji. Alikuwa na kipaji ambacho wanateolojia wengi hawana hadi leo, yaani cha kumsikiliza mpinzani mpaka mwisho. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo aliketi Marburg na wafungwa wa kundi lile, akina Georg Schnabel, wakajadiliana hadharani. Malalamiko yao yalikuwa mazito. Walisema kanisa la serikali linambatiza kila anayezaliwa, halafu halijali anaishi vipi. Mlevi na mzinzi wanakwenda kwenye Meza ya Bwana pamoja na wacha Mungu, wala hakuna anayeuliza. Mtoto aliyebatizwa hajui alibatizwa katika nini, na hakuna siku ambayo yeye mwenyewe kwa kinywa chake anakiri imani.

Bucer angeweza kuwarudisha gerezani na kwenda zake kula chakula cha jioni. Badala yake aliona kwamba juu ya ubatizo wamekosea, ila juu ya uvivu wa kanisa wamesema kweli. Baada ya majadiliano wengi wao, akiwamo kiongozi wao maarufu Peter Tasch, walirudi kanisani. Nalo kanisa lilipaswa kutimiza upande wake. Mwishoni mwa mwaka huo wachungaji na wawakilishi wa nchi walikutana Ziegenhain, mji mdogo ambao Philipp alikuwa akiuzungushia ngome, wakaandika utaratibu mpya wa nidhamu ya kanisa. Ukachapishwa mwaka 1539.

Utaratibu ule unagusa jambo ambalo nimelihubiri kwa wenzangu mara nyingi kuliko wanavyopenda kusikia. Waraka wa Ziegenhain una nguzo mbili, na tumeirithi moja tukaiacha ikae mbali na mwenzake. Nguzo ya kwanza ni wazee wa kanisa. Kila usharika uchague watu wenye busara na heshima wasaidiane na mchungaji kuchunga roho za watu. Nguzo ya pili ni kipaimara. Na hizi mbili zimefungamana: kati ya kazi ambazo wazee wanapewa ni kuhakikisha kila mtoto aliyebatizwa anapelekwa kwenye mafundisho umri unapofika. Ndipo katika sikukuu kubwa, Krismasi, Pasaka au Pentekoste, wazazi na wasimamizi wa ubatizo wanamleta mbele ya kusanyiko. Mchungaji anamuuliza habari za imani, anajibu, anajitoa kwa Kristo na kwa kanisa lake, watu wote wanamwombea, anawekewa mikono, anakaribishwa Mezani.

Hebu mtazame mtoto yule alivyozungukwa. Nyuma yake kuna wazazi, pembeni wasimamizi, mbele mchungaji, kandokando wazee ambao wamekuwa wakimfuatilia, na kusanyiko zima linaloomba. Hajaachwa peke yake hata hatua moja. Siku hizi mzee wa kanisa anakusanya sadaka, anahesabu bahasha, anakaa kwenye kamati ya ujenzi. Kazi hizo ni njema. Lakini nimewauliza wazee kadhaa, watu waaminifu kabisa, wanitajie majina ya vijana wa mtaa wao walio darasani mwaka huu, na wengi waliniambia nimuulize mwinjilisti.

Nitaongeza kidogo juu ya Bucer kisha nimwache. Alikimbilia Uingereza mwaka 1549, akafundisha Cambridge, na mawazo yake yaliingia katika matengenezo ya kitabu cha sala cha Waanglikana. Alifariki huko Februari 1551. Malkia Mary aliporudisha utawala wa Roma, mwili wa Bucer ulifukuliwa na kuchomwa moto sokoni Cambridge mwaka 1557. Miaka mitatu baadaye, chini ya Elizabeth, chuo kikuu kilimrudishia heshima yake rasmi. Mtu aliyeketi na wafungwa akawasikiliza alichomwa akiwa maiti. Natamani vijana wetu wangeisikia habari hiyo darasani.

Kati ya Ziegenhain na Kilimanjaro kuna karne kadhaa, nami nitasimama kituo kimoja tu. Mwaka 1736 mfalme wa Denmark na Norway alikifanya kipaimara kuwa sheria ya nchi. Asiyebarikiwa hakuweza kufunga ndoa. Kwa upande mmoja faida ilikuwa kubwa, maana ili watoto wajifunze katekisimu ilibidi wajue kusoma, na Norway ikapata sheria ya shule mwaka 1739. Kwa upande mwingine "ndiyo" ya kijana ikawa kibali cha serikali. Kinachodaiwa kwa lazima moyo hautoi. Tuwe macho nasi, maana hatuna mfalme wa kutulazimisha lakini tuna mashangazi, majirani na kadi za mwaliko zilizokwisha kuchapwa, na kijana anayetaka kumwambia mchungaji "bado sijawa tayari" hana mahali pa kupitia.

Sasa Kidia, Old Moshi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakaanzia Machame. Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden, alifika mwaka 1902, na tangu 1910 maisha yake yalishikamana na Old Moshi, isipokuwa miaka aliyofukuzwa na Waingereza pamoja na Wajerumani wenzake kuanzia 1920. Aliondoka moja kwa moja mwaka 1938. Wengi wanamjua kama mwandishi wa mila. Aliandika kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga mwaka 1926, na kati ya 1932 na 1938 akatoa juzuu tatu za mafundisho ya jadi ambayo vijana walipewa wakati wa jando. Wazee walimwimbia na kumsimulia, naye akaandika.

Gutmann aliona kwamba mtu hakui peke yake. Kuna ukoo unaomzaa, kuna ujirani wa wale wanaoshiriki mfereji mmoja wa maji, na kuna rika. Aliyetoka jandoni alikuwa na wenzake wa ngao, watu ambao vitani wangesimama naye bega kwa bega na wakati wa amani wangemsaidia kulima, kujenga na kuoa. Wamisionari wengi waliona jando na kuliona giza tupu. Gutmann aliuliza kanisa litawapa nini vijana hawa badala ya rika walilopoteza. Jibu lake aliliweka ndani ya kipaimara. Vijana waliokuwa wakijiandaa aliwaunganisha katika makundi madogo ya undugu wa ngao, kila mmoja akiwa na mwenzake, nao wakaahidiana kusaidiana katika imani na katika shida za maisha. Siku ya ubarikio ilikuwa mwanzo wa wajibu wa mmoja kwa mwingine.

Nisimtukuze kupita kiasi. Wachagga wa wakati wake walimpinga, na walikuwa na haki. Vijana walitaka shule, walitaka kuuza kahawa yao na kuijua dunia, naye aliuogopa mji na fedha kana kwamba ni tauni. Mawazo yake juu ya taifa na damu yalikuwa na harufu ya Ujerumani ya siku zile, na kuna mahali alitaka Mchagga abaki kama alivyokuwa hali Mchagga mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda mbele. Hayo tuyaache kaburini mwake alikolazwa mwaka 1966. Ila undugu wa ngao ulikuwa chakula, nasi tumekitupa pamoja na maganda.

Ninasema hivi kwa kuwa nimekaa na vijana wa kipaimara Jumamosi nyingi. Wanakuja saa nne na madaftari yaliyofunikwa kwa karatasi za kalenda, wamenakili Amri Kumi kwa wino wa bluu na maelezo yake kwa wino mwekundu. Wanazikariri vizuri sana. Ukimwamsha mmoja usingizini atakutajia sehemu zote za Katekisimu kwa mpangilio. Lakini ukimuuliza jina la baba wa aliyekaa naye benchi moja miaka miwili, au kwa nini yule wa kule mwisho hakuja juma lililopita, anakutazama tu. Tumewafundisha wakae pamoja kama abiria wa basi, kila mmoja akingojea kituo chake.

Halafu baada ya Desemba wanatawanyika. Mmoja anakwenda bweni mkoa mwingine, mmoja anafuata mjomba mjini, mwingine anabaki nyumbani bila shule wala kazi. Tunashangaa kwamba darasa la watu sitini linaleta vijana watano kwenye Umoja wa Vijana, tukasingizia simu.

Wewe kijana unayebarikiwa mwaka huu, unisikilize, maana mambo haya yote ya Hesse na Kidia nimeyaandika kwa ajili yako. Usiogope kwamba imani yako ni ndogo. Wale waliokutangulia mbele ya madhabahu hawakuwa na kubwa zaidi. Siku ile mchungaji atakapoweka mikono juu ya kichwa chako, wewe ndiwe utakayepokea, na Mungu aliyekushika kwenye ubatizo ulipokuwa hujui hata jina lako ndiye atakayeendelea kukushika. Maswali uliyo nayo yabebe wazi. Wafungwa wa Marburg walikuwa na maswali makali, na kanisa likapata faida. Ukipata siku ya kukosea, na itakuja, usijifiche. Meza unayokaribishwa iliandaliwa kwa ajili ya wenye njaa. Na tafuta mwenzako. Bwana alipowatuma wale sabini aliwapeleka wawili wawili, wala hakuna aliyetangulia peke yake. Chagua mmoja katika darasa lako, si lazima awe rafiki yako wa kawaida, mwambie: tutaombeana, tutaulizana, ukinyamaza nitakutafuta.

Kwenu wazee wenzangu ombi langu ni dogo na halina bajeti. Kabla ya Jumapili ya ubarikio, mchungaji na baraza wakae na orodha ya darasa. Kila kijana apewe mwenzake mmoja, na kila wawili wapewe mzee mmoja wa mtaa wao. Majina yasomwe kanisani siku ileile baada ya kuwekewa mikono, wasimame watatu pamoja, kusanyiko liwaombee. Anayekwenda bweni, mzee aandike namba ya mchungaji wa usharika ulio karibu na shule hiyo na ampigie kabla muhula haujaanza. Na wazazi watakaotaka kufanya karamu waifanye, ila yule mwenza ambaye kwao hakuna karamu aketi meza ya mbele pamoja na mtoto wao.

Juma lijalo tutakwenda Roma ya mwaka 1910, Papa Pius wa Kumi aliposhusha umri wa komunyo ya kwanza hadi kama miaka saba, na tutaona jinsi uamuzi huo ulivyopindua mpangilio wa sakramenti kwa ndugu zetu Wakatoliki na kukiacha kipaimara kikitafuta mahali pake.