KISU KIPYA CHA KUKUNJA: KWA NINI TUNAKINGOJA

Mimi sijambo, ila kidole kimoja tu, na habari zake mtazipata huko mbele. Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe mpe. Mimi sililii wembe. Nalilia kisu, tena kisu cha kukunja, na hadi ninapoandika makala haya kisu chenyewe bado hakijatoka katika banda la fundi.

Wala siko peke yangu. Hapa sokoni Oyugis tuko kundi zima tunaokingoja: waendesha bodaboda wawili watatu, mama mmoja auzaye miwa, mwalimu mstaafu anayekusanya visu kama vile wengine wanavyokusanya stempu, na vijana wa kupandikiza miche, mimi nikiwa mdogo wao wote. Kila siku ya soko tunapita bandani, tunachungulia, tunauliza: "Jaduong', kimefika wapi?" (Mwalimu mlezi wa chama anisamehe kwa neno hilo la nyumbani. Mzee kama yule huwezi kumwita fundi tu hivi hivi.) Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Kiko njiani."

Wenzangu darasani hunicheka. Eti mtu na akili zake anangoja kisu mithili ya bwana harusi angojaye bibi harusi! "Kisu si kisu tu?" waliniuliza. La, hasha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kisu cha jikoni ni rahisi kukielewa. Kuna chuma, kuna mpini, basi. Ukikinoa kinakata, kikiwa butu hakikati. Kisu cha kukunja kina kitu cha tatu, nacho ni kiungo, yaani pale mahali chuma kinapokutana na mpini na kujikunja. Wanunuzi wengi wakifika dukani hutazama makali, hutazama na urembo wa mpini. Kiungo hawakitazami. Hata mimi sikukitazama, na nililipa.

Kazi yangu ya Jumamosi na ya likizo ni kupandikiza miche ya avokado. Hapa kwetu watu wengi sasa wanataka avokado aina ya Hass, lakini ukipanda mbegu yake hupati mti ule ule, na utangoja miaka mingi kuona tunda. Kwa hivyo tunaotesha mbegu ya kienyeji mpaka mche uwe na unene wa penseli. Halafu unaukata kichwa, unapasua shina kidogo katikati, unachonga kitawi cha Hass kiwe kama kabari, unakitia ndani ya ufa ule, ngozi ya huku ikutane na ngozi ya kule, kisha unafunga kwa ukanda wa nailoni. Siri yote iko katika mkato. Lazima uwe mmoja, laini, bila kurudiarudia. Kisu butu huponda mahali pa kukata, hewa hupata nafasi, mche unakauka. Mimi hulipwa kwa mche ulioshika, sio kwa mche niliofunga. Pesa hizo ndizo zinazonilipia chakula cha mchana shuleni na sehemu ya karo.

Kwa nini basi nisitumie kisu cha jikoni? Kwa sababu nazunguka kutoka boma moja hadi lingine, saa nyingine kwa baiskeli, na kisu kisichokunjika ndani ya mfuko wa suruali ni hatari kwa suruali na kwa mwenye suruali.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilikuwa na kisu cha kukunja nilichokinunua kwa bei ya kutupa. Kilikuwa kikali, usiseme. Siku hiyo nilikuwa ninapasua mche mgumu, ncha ikakwama. Nikasukuma mbele ili niichomoe. Kumbe kisu kile hakikuwa na kitu chochote cha kukizuia kisijifunge! Makali yakarudi nyumbani kwao, na nyumbani kwao palikuwa na kidole changu cha shahada. Nilishonwa nyuzi sita. Mshipa wa kukunjia kidole uliguswa, na mpaka leo hakikunjiki vizuri. Kisu kilikunjika, kidole hakikunjiki. Wanaonilaumu kwa mwandiko wangu wa mtihani wa muhula wa tatu sasa wajue sababu.

Mama alikichukua kile kisu akakitupa chooni. Akatamka mbele ya watu kwamba kisu cha kukunja hakitaingia tena bomani mwake. Tangu siku hiyo napandikiza kwa kisu cha jikoni kilichofungwa kitambaa. Kazi inaenda polepole, na miche mingi inakufa.

Sasa tuje kwenye kiungo chenyewe. Jambo hili wanadamu wamelihangaikia tangu zamani sana. Huko Hallstatt, nchini Austria, kilichimbuliwa kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa ambacho umri wake ni zaidi ya miaka 2500. Visu vya aina ya kwanza hushikwa na msuguano tu: msumari wa kiungo umekazwa, basi chuma hakichezi ovyo. Msumari ukilegea, kwaheri. Aina ya pili ina springi mgongoni, kipande cha chuma chembamba kinachosukuma kitako cha kisu. Ukifungua unasikia "tap". Visu vidogo vya Uswisi, vile vyekundu ambavyo asili yake ni kisu cha Karl Elsener cha mwaka 1897, hufanya kazi hivyo. Springi inasaidia, lakini haifungi. Ukisukuma kwa nguvu inakubali kushindwa.

Aina ya tatu ndiyo yenye kufuli. Hapa nataka nikae kidogo, maana moja ya visu hivi ina jina la mnyama wa jirani zetu. Nazungumzia Okapi. Okapi mwenyewe ni mnyama wa misitu ya Ituri, mashariki mwa Kongo, mwenye miguu yenye mistari kama ya punda milia. Wenyeji wa msituni walimjua tangu jadi, lakini wanasayansi wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901 tu. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani wakatoa kisu cha kukunja chenye jina hilo, mahsusi kwa kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, na wakati huo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko kinakotoka hadi leo. Mpini ni wa mbao, umepinda, una mapambo ya nyota na miezi. Mgongoni kuna chuma chenye tundu linalodaka meno ya kisu, kwa hiyo ukikifungua kinalia ta-ta-ta, na huwezi kukifunga mpaka uvute kijipete kidogo. Mwalimu mstaafu anacho kimoja. Alinipa nikishike, akakichukua tena upesi kana kwamba ningekila.

Kufuli ya pili ni ya Kifaransa, nayo ndiyo iliyomwingia fundi wetu kichwani. Mwaka 1890 kijana mmoja mwana wa mhunzi, Joseph Opinel, alianza kutengeneza visu vya wakulima huko Savoie. Mpini wa mbao wa mviringo, chuma, msumari. Pete ya kufunga haikuwako. Iliongezwa mwaka 1955! Fikiria, miaka 65 mizima. Nikimweleza mtu kwamba mzee wetu amekaa na kisu chake karibu miaka miwili, halafu mtu huyo aseme mzee anachelewa, mimi humtajia hesabu hiyo.

Pete hiyo ni jambo dogo la ajabu. Ni kola ya chuma inayozunguka shingo ya mpini, na kola hiyo ina ufa. Ufa ukielekea kwenye mfereji wa mpini, kisu kinapita, kinafunguka na kufungika. Ukiizungusha kola kidogo, ufa unaondoka, chuma kizima kinaziba njia, na kisu hakina pa kurudi. Hata ukisukuma namna gani. Ningekuwa na kola hiyo mwezi ule wa Agosti, ningekuwa na kidole.

Fundi wetu alikiona kisu kama hicho mkononi mwa mgeni aliyepita akielekea Kisii. Hakukiomba. Alikitazama tu, akakirudisha, akaanza kutafuta paipu kuukuu ya maji. Kola anaikata kutoka paipu hiyo. Chuma cha kukatia anakipata kwenye springi ya lori iliyovunjika, kwa sababu springi za magari ni feleji nzuri. Hapo msidhani kufua chuma ni mambo mageni huku ziwani. Ng'ambo ya pili, katika Kagera, Wahaya walikuwa wakiyeyusha feleji zaidi ya miaka 1500 iliyopita.

Nimekaa bandani mara nyingi nikimtazama. Moto hupulizwa na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na aghalabu anayezungusha ni mimi. Chuma kikishapata umbo hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, halafu anakigusisha sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Sumaku ikikishika, anakirudisha. Isipokishika tena, anakitumbukiza katika oili chafu ya gari, chwaaa! Mwalimu wa fizikia alinieleza kwamba chuma hupoteza tabia ya sumaku kikifika kama nyuzi 770 za selsiasi, kwa hivyo mzee ana kipimajoto bila ya kuwa na kipimajoto. Kikitoka kwenye oili kinakuwa kigumu lakini ni cha kuvunjika kama kioo. Ndipo anakisugua king'ae na kukipasha moto tena polepole mpaka kipate rangi ya majani makavu. Hapo anakitoa haraka. Kikipita hapo kikawa buluu, anasema, hicho ni cha kutengenezea springi, si cha kukata.

Makali hayamshindi. Panga zake zinajulikana. Kinachomshinda ni kile kiungo. Kisu cha kwanza alitumia msumari wa kawaida, ukaliwa, chuma kikaanza kutikisika. Cha pili kola ilipasuka. Cha tatu kilikuwa kizuri kupita vyote, mpini wake ulikuwa wa pembe la ng'ombe lililochemshwa na kunyooshwa, tukashangilia, wa bodaboda mmoja akataka kulipa papo hapo. Jua la Januari likaja, pembe likanywea, kola ikaanguka yenyewe mezani. Cha nne ni cha mpini wa mbao, na hapo kundi letu likagawanyika. Wa bodaboda wanataka pembe, eti mbao ni za jembe. Mama wa miwa anasema mbao zikilowa zitavimba na kola haitazunguka. Mimi nataka makali ya upande mmoja tu, kwa kuwa kitawi huchongeka vizuri zaidi namna hiyo. Yeye anataka pande zote mbili, maana muwa hauna adabu. Mwalimu mstaafu anataka ta-ta-ta kama ya Okapi yake. Mzee hutusikiliza sote, kisha anafanya lake.

(Mwalimu wa nidhamu asiwe na wasiwasi. Kisu hiki hakitavuka lango la shule. Nilichokileta darasani ni mchoro, na mchoro haukati mtu.)

Siku ya soko iliyopita cha nne kilikuwa tayari. Au tulidhani ni tayari. Mama alikuwa sokoni na viazi vitamu vyake, na nilikuwa nimemwomba kwa wiki tatu akione kwanza kabla ya kukataa. Alimwachia jirani viazi, akaja mpaka bandani, akasimama.

"Jaduong', nipe hicho kisu cha mtoto."

Mzee akaufuta mpini kwa shati, akampa kwa mikono miwili. Mama akakifungua. Akazungusha kola. Akasukuma chuma kwa kiganja, hakikurudi. Akakigeuza, akapiga mgongo wake kwenye nguzo ya banda mara tatu, kwa nguvu ambayo mimi sikujua anayo. Hakikurudi. Sisi kundi zima tulikuwa kimya, hata mama wa miwa. Kisha akaishika ncha kwa vidole viwili, akaipeleka kushoto na kulia, akiweka sikio karibu kama anayesikiliza saa.

"Bado kinacheza," akasema.

Mzee akakichukua, akakitikisa karibu na sikio lake mwenyewe. Akakaa kimya kidogo. Akachukua nyundo, akaanza kuutoa msumari wa kiungo.

"Nyar Kabondo," akasema, "njoo siku ya soko ijayo."

"Nitakuja," Mama akajibu, akarudi kwenye viazi vyake.