Dogo Lenye Jina Kubwa: Rekodi za Ujenzi kutoka Gitega hadi Muyinga

Anayekwenda Gitega kutafuta ghorofa za kukunjia shingo atapoteza nauli yake. Mji huu ulitangazwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi Desemba 2018, sheria ikapita Bungeni Januari 2019, na Bujumbura ikabaki na bandari, mabenki na joto lake. Serikali ikapanda mlimani, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ila kreni hazikupanda nayo siku hiyohiyo. Muyinga, kaskazini-mashariki, ni mji wa njiani: malori yanayotoka Dar es Salaam yakishavuka mpaka wa Kobero hupita hapo kabla ya kwenda kwingine. Ndiyo maana wapenda orodha za majengo makubwa huiruka miji hii miwili. Kwangu mimi rekodi zipo tele, mradi mtu akubali kuacha kuhesabu ghorofa, aulize nani alifyatua matofali, kazi iligharimu nini, na nani anapanda juu ya paa kulitengeneza likianza kuvuja.

Makongwe

Kwa ukongwe, boma la Wajerumani pale Gitega linatangulia. Mwaka 1912 watawala hao walihamisha makao yao kutoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, wakaja kujenga katikati ya nchi ili wawe karibu na utawala wa mwami, yaani mfalme. Mji wenyewe ulianzia hapo. Miaka minne baadaye Wabelgiji waliingia na Wajerumani wakafungasha. Kuna wateja wa ajabu katika kazi ya ujenzi, lakini mteja anayejenga ngome kisha akaitumia miaka minne tu ni wa kundi la peke yake.

Mafundi wa matofali wana kongwe lao jingine, Mugera, upande wa kaskazini wa mji, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1899. Ni miongoni mwa misheni za mwanzo kabisa nchini. Misheni za aina hii, huko na kwingineko katika Maziwa Makuu, ndizo zilizozoesha vijiji tanuri la matofali, kuta za pembe nne na paa la vigae. Zilizoesha pia kukata miti ya kuchomea matofali hayo, deni ambalo milima ya Burundi bado inalilipa.

Makumbusho ya Taifa ya Gitega nayo ina rekodi yake. Wabelgiji waliianzisha mwaka 1955, na ndiyo kubwa kuliko makumbusho nyingine za umma nchini. Neno "kubwa" lisikutishe, kwani hata mgeni asiye na haraka huimaliza mapema. Ndani mna vyombo vya nyumbani, vifaa vya ufalme na picha za zamani, vitu ambavyo adui yake mkubwa si mwizi bali unyevu. Ukarabati wa makumbusho ni kazi tofauti na ukarabati wa duka. Ukibomoa dari la duka unafunika bidhaa kwa turubai. Ukibomoa dari la makumbusho lazima uhamishe historia ya nchi nzima kwanza, na upate pa kuiweka.

Kwa kukarabatiwa mara nyingi zaidi, tuzo naipeleka Gishora bila kusita. Ni kilomita 7 hivi kutoka Gitega, patakatifu pa ngoma za kifalme, palipoanzishwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19 baada ya kumshinda chifu muasi aitwaye Ntibirangwa. Humo zimehifadhiwa ngoma mbili tukufu, Ruciteme na Murimirwa, na ndiko wapiga ngoma wanakoendeleza mchezo ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Nyumba zake ni za fito na nyasi. Paa la nyasi halidai kudumu. Huoza kwa ratiba, na kila likioza kijana mmoja zaidi hupata nafasi ya kujifunza kuezeka. Wahandisi wetu huandika mpango wa matengenezo mwishoni mwa faili, ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Gishora mpango huo ndio jengo lenyewe.

Dogo kuliko yote, na maarufu kuliko yote

Hapa nitakaa kidogo. Mwulize mwanafunzi wa usanifu wa majengo, awe Nairobi au Brussels, akutajie jengo moja tu la Burundi. Kama anasoma vizuri, atataja maktaba ya Muyinga.

Ilijengwa mwaka 2012. Eneo lake ni mita za mraba 140, na gharama yake ilikuwa kama euro 40,000. Ilibuniwa na wasanifu wa BC Architects wa Brussels kwa ajili ya shirika la wenyeji liitwalo ODEDIM, iwe jengo la kwanza la shule jumuishi ya watoto viziwi. Kwa ukubwa ni sawa na nyumba ya mtu mwenye nafasi kidogo. Kwa jina, imezunguka majarida na maonyesho ya usanifu kuliko ikulu nyingi za bara hili.

Sababu iko kwenye udongo. Muyinga hapakuwa na maabara ya kupimia vifaa vya ujenzi, basi wakapima kwa vijiko viwili vya chai, chupa tano za plastiki na kisu. Wazee wa kazi wanajua namna. Udongo unaingia chupani, maji juu yake, unatikisa kwa nguvu, unaiacha chupa itulie. Mchanga huzama kwanza, tope laini hufuata, mfinyanzi hukaa juu, na chupa inakuonyesha kwa matabaka udongo wako una nini na umepungukiwa nini. Kisu ni cha kukatia donge: uso ukimeremeta, mfinyanzi umezidi, na tofali litapasuka likikauka, ukiwa mkavu na wenye chembe, mchanga ndio uliozidi, na tofali litamomonyoka mkononi. Fundi anayejua kusoma chupa hizo hahitaji kusubiri cheti kutoka mji mkuu.

Kisha zikapatikana mashine mbili za kushindilia matofali, aina ya Terstaram, zilizofanya kazi sana miaka ya 1990 zikaja kusahaulika. Haziendi kwa umeme wala dizeli, zinaendeshwa kwa mikono ya watu wanne. Udongo unamwagwa ndani ya kalibu, kifuniko kinashuka, mkono unavutwa, tofali linatoka limebana, lenye sentimita 29 kwa 14 kwa 9, tayari kwenda kukauka kivulini. Siku nzuri ilitoa hadi matofali 1,100. Hayapelekwi tanurini, wala mkaratusi haukatwi kwa ajili yake.

Tofali bichi lina adui mmoja, maji, na umbo lote la maktaba linatokana na kumkwepa adui huyo. Paa lina mwinamo wa asilimia 35 na limetokeza nje mbali ili mvua isiguse ukuta. Nguzo zimesimama kila baada ya mita 1.3, zikibeba kenchi na wakati huohuo zikiuegemeza ukuta mrefu usiyumbe. Mihimili ni ya mkaratusi wa hukohuko. Juu ni vigae vya mfinyanzi wa jirani badala ya mabati, na yeyote aliyewahi kufundisha chini ya bati wakati wa mvua ya Aprili anajua thamani ya uamuzi huo: mwalimu hana haja ya kupiga kelele. Matundu yaliyoachwa katikati ya matofali hutoa hewa ya joto nje, na taa zikiwashwa jioni ukuta mzima huangaza kuelekea barabarani. Upande mmoja kuna baraza refu, la aina ambayo nyumba za Burundi zimekuwa nayo tangu zamani, la kukaa, kusalimiana na kungoja mvua ipite. Upande wa watoto, hapo ambapo dari limeinuliwa mara mbili, wametandaza wavu mkubwa wa kamba za mkonge, na mtoto hupanda na kitabu chake akalala humo kusoma.

Nikiitazama kwa jicho la mkandarasi, sitasema ni jibu la kila tenda. Benki inayotaka kufungua tawi ndani ya miezi mitatu haitangoja matofali yakauke. Vigae vikipasuka viwili, na asiwepo mtu wa kuvibadilisha kabla ya masika, ukuta utaanza kurudi ulikotoka. Lakini katika jengo hili sehemu kubwa ya fedha iliishia mikononi mwa watu walioweza kutembea kwa miguu kufika kazini, na hilo ndilo ambalo tathmini nyingi za zabuni hazina hata safu ya kuliandika.

Ili kupata kipimo, tazama upande wa pili wa mizani. Ikulu ya Ntare Rushatsi, nje kidogo ya Bujumbura, ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019. Gharama iliyotangazwa ni kama dola milioni 22. Mwaka huohuo mji mkuu wa kisiasa ulikuwa tayari umehamia Gitega. Msomaji apige hesabu mwenyewe maktaba ngapi zimo humo.

Ya umeme

Rekodi mbili za haraka. Mubuga, mkoani Gitega, kuna kiwanja cha paneli za jua cha megawati 7.5 kilichozinduliwa mwaka 2021, cha kwanza nchini kuunganishwa na gridi ya taifa. Siku kilipowashwa kiliongeza zaidi ya asilimia 10 kwenye uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme, jambo linalosifu mradi na kuisikitikia gridi kwa pumzi moja. Na mrefu kuliko yote humu, ukiiacha reli ambayo bado iko njiani, ni waya wa umeme mkubwa unaotoka maporomoko ya Rusumo, unapita Muyinga na kuishia Gitega, kama kilomita 161. Rusumo ni megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Kwa mtu wa karakana ya kuchomelea milango, waya huo una maana kubwa kuliko jengo lolote nililolitaja.

Rekodi isiyotakiwa na yeyote

Gereza la Gitega lilipangiwa watu 400. Mwishoni mwa 2021 lilikuwa na zaidi ya 1,500. Alfajiri ya Desemba 7 mwaka huo liliwaka moto, na serikali ikatangaza vifo 38: 26 kwa kukosa hewa, 12 kwa kuungua. Chanzo kilichotajwa ni hitilafu ya umeme. Agosti ya mwaka huohuo gereza lilikuwa limeshawaka mara moja, na hitilafu ya umeme ilitajwa vilevile.

Watu 26 kati ya 38 hawakufa kwa moto bali kwa moshi. Hiyo ni habari ya milango, madirisha na msongamano kuliko ya ndimi za moto. Jengo likijazwa karibu mara nne ya ukubwa wake, kila kilichopimwa kwa ajili yake kinakuwa uongo: upana wa korido, idadi ya milango ya kutokea, unene wa nyaya, ukubwa wa fyuzi. Rangi mpya haibadilishi hata kimoja. Kazi za ukarabati wa taasisi katika nchi zetu huanza na kinachoonekana kwenye picha ya uzinduzi, yaani ukuta wa mbele, ubao wa jina na vigae vya sakafu, kwa sababu hakuna waziri anayekata utepe mbele ya swichi kuu. Ningekuwa na sauti katika kamati yoyote ya zabuni ya shule, hospitali au gereza, ningedai umeme na njia za kutokea zilipwe kwanza na rangi isubiri fedha itakayobaki.

Kubwa kwa fedha, na bado liko njiani

Kwa fedha hakuna linalokaribia reli. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini na kampuni za Kichina mkataba wa dola bilioni 2.15 wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, na Agosti 16 mwaka huo Rais Ndayishimiye wa Burundi na Majaliwa, Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, waliweka jiwe la msingi Musongati. Huko kuna nikeli, ndiyo sababu reli inaanza kwa kuelekea huko. Gitega ni hatua inayofuata.

Muyinga haimo kwenye ramani hiyo, na mwaka 2025 umeupiga mji huo kwa namna nyingine pia. Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, mkoa wa Muyinga ukamezwa na mkoa mpya wa Buhumuza, makao makuu yakaenda Cankuzo. Cankuzo sasa inahitaji ofisi. Muyinga ina ofisi za mkoa ambao haupo tena. Mkandarasi mwenye akili hatasubiri tenda ya jengo jipya hapo, ataomba ile ya kuyageuza yaliyopo, ofisi iwe zahanati, ukumbi uwe darasa. Asiwe mwepesi tu wa kuandika bei ya saruji kwenye zabuni yake. Kiwanda cha kwanza cha saruji cha Burundi, BUCECO, kilichoanza mwaka 2011, kiko Cibitoke, kaskazini-magharibi, ng'ambo ya pili ya nchi. Mfuko ukitoka huko unaikata Burundi nzima kwa lori, katika nchi ambayo miaka ya karibuni imezoea foleni ndefu za mafuta. Ukitoka Tanzania unapita Kobero na hesabu ya fedha za kigeni. Udongo wa Muyinga bado uko palepale, na bei yake ni jembe.