Kuujaribu Mfumo Endeshi wa Pili Bila Kupoteza Tasnifu



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na tangu siku hiyo ofisi yetu imekuwa ikiulizwa swali moja: kompyuta zetu kuukuu tuzifanyeje? Windows 11 ina masharti yake, likiwemo la kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za mkononi za miaka kumi iliyopita hazikidhi masharti hayo. Kununua mpya si jambo la mzaha kwa mshahara wa mwalimu. Ndiyo maana tumeona vyema tueleze jinsi mtu asiye mtaalamu anavyoweza kuujaribu mfumo endeshi mwingine, nao ni Linux.

Mfumo endeshi (wengine husema mfumo wa uendeshaji, nasi hatutagombana nao) ni ile programu kuu inayotangulia kuamka kompyuta inapowashwa, ikaziongoza programu nyingine zote. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini. Kwa hakika Linux yenyewe ni kiini tu. Watu mbalimbali hukichukua kiini hicho, wakakifungasha pamoja na programu za kuandikia, za intaneti na za muziki, kisha kila kifurushi kikapewa jina lake. Kimojawapo ni Ubuntu, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Wasomaji wetu wa isimu hawahitaji kuelezwa kwamba neno hilo ni ndugu wa utu wetu na obuntu wa huku Uganda. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanacho cha ziada: kwao kitu cha ku buntu ni kitu cha bure, na mfumo huu kweli haulipiwi.

Kwa anayeanza, sisi tunapendelea Linux Mint. Menyu yake iko chini kushoto, mahali ambapo mtumiaji wa Windows ameshazoea kuitafuta.

Njia ya kwanza, na ndiyo tunayomshauri kila mtu aanze nayo, ni ya flashi. Unapakua faili moja kubwa ya mfumo (ile ya Mint inakaribia gigabaiti tatu, kwa hiyo tumia intaneti ya chuo badala ya bando lako), kisha unaiandika kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu kama Rufus. Kunakili faili peke yake hakutoshi. Lazima iandikwe kwa programu ya namna hiyo ili kompyuta iweze kuamka kutoka kwenye flashi. Kumbuka kwamba kila kilichokuwamo katika flashi kitafutika.

Ukiwa tayari, zima kompyuta, chomeka flashi, washa, na papo hapo bonyeza-bonyeza kitufe cha kuchagulia mahali pa kuamkia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni Esc au F9. Baada ya dakika chache utauona mfumo mpya mbele yako, unafanya kazi kutoka kwenye flashi na kumbukumbu ya kompyuta, huku diski yako haijaguswa. Ukizima na kuichomoa flashi, Windows yako inarudi kama ulivyoiacha. Utaona uzito kidogo, kwani flashi ni ya polepole kuliko diski. Usiuhukumu mfumo kwa hilo.

Wakati huo wa majaribio usicheze tu na picha za ukutani. Jaribu mtandao usiotumia waya, sauti, printa, na projekta ya darasani. Fungua nakala ya tasnifu yako kwa LibreOffice uone kama majedwali na tanbihi zimekaa sawa, maana hapo ndipo mambo huenda kombo. Walimu wa fonetiki wajaribu alama za IPA. Fonti kama Charis SIL na Doulos SIL hupatikana bure kwa mifumo yote miwili. Uliyoyaandika katika kikao hicho yahifadhi kwenye flashi nyingine, la sivyo yatapotea ukizima.

Njia ya pili ni kompyuta pepe. Programu kama VirtualBox huunda kompyuta ya kubuni ndani ya dirisha la Windows, na Linux ikasakinishwa humo. Ni salama, lakini inataka kompyuta yenye nguvu. Chini ya gigabaiti 8 za kumbukumbu utachoka kusubiri.

Njia ya tatu ni kuisakinisha Linux kando ya Windows katika diski moja, ili kila unapowasha uulizwe unataka ipi. Hapa ndipo tunapoomba subira. Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alifika kwenye ukurasa unaouliza mfumo mpya uwekwe wapi, akachagua kufuta diski nzima akidhani inafutwa flashi. Sura mbili za tasnifu alikuwa amezituma kwa msimamizi wake, zikaokolewa. Rekodi za mahojiano na wazee wa kijijini kwao hazikuwa na nakala popote, na wawili kati ya wazee hao walikuwa wameshafariki.

Kwa hiyo, kabla ya kusakinisha, nakili kazi zako mahali pawili nje ya kompyuta hiyo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika karatasini ule ufunguo wa tarakimu 48, kwani Windows inaweza kuudai baadaye. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, uache gigabaiti 40 au 50 wazi. Chaji betri ijae na chomeka waya. Umeme ukikatika diski inapogawanywa, hasara ni yako. Kisha usome kila ukurasa hadi mwisho kabla ya kubonyeza.

Tunayo flashi mbili zenye Linux Mint katika ofisi ya idara. Anayetaka kujaribu aje na kompyuta yake, na atuoneshe kwanza nakala za kazi zake ziko wapi.