Siku Moja ya Jamaa katika Kisiwa cha Saanane

Wazazi wa Shinyanga na Geita wakisikia neno hifadhi, fikira zao hukimbilia Serengeti mara moja. Wala si ajabu, maana mbuga ile ina sifa duniani kote tangu ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, nasi tu jirani zake. Lakini kabla ya kutaja jina la mbuga yoyote, baba na mama na waulizane: Mtoto wetu mdogo kuliko wote aweza kuketi muda gani pasipo kulia? Jibu la swali hilo ndilo litakalochagua mahali pa kwenda.

Tuitazame Serengeti yenyewe. Toka Shinyanga kwa njia ya Maswa na Bariadi mpaka Lamadi ni kilometa 200 hivi, na lango la Ndabaka liko mbele kidogo. Hapo safari bado haijaanza, kwa kuwa eneo la hifadhi ni kilometa za mraba 14,763, na toka langoni hadi Seronera, katikati yake, ni zaidi ya kilometa mia za vumbi. Humo ndani hakuna ruhusa ya kushuka katika motokaa ila mahali palipowekwa. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu ajua maana ya sharti hilo bila kuelezwa. Tena upande ule wa magharibi una mbung'o, ambao huvutwa sana na nguo nyeusi na za buluu nzito. Baba atakaye simba, nyumbu, mamba wa mto Grumeti, na Seronera pia, yote kwa siku moja, atarudi na watoto wenye homa ya uchovu na mke asiyesema naye.

Wenye watoto wakubwa na waende, lakini walale Lamadi, waingie alfajiri, wasiende mbali na Ndabaka, na kabla ya jua kali wawe wamegeuka. Jamaa za Geita watauliza, Je, Rubondo? Kisiwa kile ni hifadhi tangu mwaka 1977, nacho ni kizuri mno, lakini safari yake ya majini ni ndefu na hutaka kulala huko. Hiyo ni safari ya likizo.

Kwa siku moja, na kwa watoto wadogo, sisi twaona kwamba Saanane yafaa kuliko zote. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko nyingine zote za Tanzania, kilometa za mraba 2.18 tu, nayo i mbele ya mji wa Mwanza kabisa. Jina lake latokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa hicho zamani. Mwaka 1964 palifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1991 pakawa pori la akiba, na mwaka 2013 pakawa Hifadhi ya Taifa. Chombo huondoka Capri Point, na kwa dakika chache mmefika. Hakuna motokaa kisiwani. Watu huenda kwa miguu, mtoto akichoka huketi juu ya jiwe, akitaka haja husema.

Na yako mengi ya kutazama kwa mwendo wa mtoto. Pimbi huota jua juu ya majabali. Mijusi mikubwa yenye vichwa vyekundu na miili ya buluu hutikisa vichwa kana kwamba yasalimu. Swala pala hula majani karibu na njia. Tai mla samaki hulia juu ya miti. Mtu mzima apita pimbi kwa dakika moja, lakini mtoto ataka nusu saa. Mpeni hiyo nusu saa.

Zamani jamaa za Geita walipoteza saa nyingi wakingoja kivuko cha Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 lipo daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, na kungoja kumekwisha. Wa Shinyanga wana kilometa 160 hivi za lami mpaka Mwanza. Hata hivyo afadhali kufika Ijumaa jioni na kulala kwa ndugu, ili Jumamosi asubuhi watoto waamke wamepumzika. Baba wengi wa kwetu hufanya kazi ya zamu migodini. Mtu aliyetoka zamu ya usiku asishike usukani siku hiyo, hata akijiona ana nguvu. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na mizuri. Epukeni Saba Saba na Nane Nane, maana siku hizo watu ni wengi kupita kiasi.

Ulizeni ada mapema, tena jueni kwamba hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mkononi; hulipwa kwa namba ya malipo au kwa kadi. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Chakula ni kile cha safari tukijuacho: michembe, matobolwa, karanga, mayai ya kuchemsha, na maji mengi. Kitiwe katika kikapu chenye kifuniko, kwanza kwa sababu mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na pili kwa sababu ya tumbili, ambao ni wezi hodari. Msiwape kitu. Tumbili aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya, naye huanza kwa watoto.

Sasa habari ya maji, na hapa hatusemi kwa upole. Ziwa hili tunalipenda, lakini limekula watu wetu. Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia. Mv Nyerere ilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza mno. Basi kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha linalomwenea, lifungwe kabla ya chombo kuondoka gatini. Likikosekana la kadiri yake, ngojeni zamu nyingine. Mwalimu aliye na darasa zima aandike barua mapema, aulize idadi ya majaketi ya watoto, na ahesabu wanafunzi wakipanda na wakishuka. Kisiwani watoto wasitie miguu ziwani hata kidogo. Mamba wako, na kichocho kiko: vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa majini, navyo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote.

Watoto watauliza kwa nini wanyama hawa wawekewe mahali pao. Mtoto wa Kisukuma ajua ngitili: baba huyafunga malisho wakati wa mvua ili majani yakue, ng'ombe wapate kula kiangazi. Shinyanga ilipokuwa karibu kuwa jangwa, ilianzishwa kazi ya HASHI mwaka 1986, na ngitili zikafufuliwa, miti ikarudi. Ukimwambia kwamba Saanane ni ngitili ya pimbi na swala, ataelewa, na huenda akauliza swali ambalo wewe mwenyewe hukulifikiri.

Ondokeni kisiwani saa nane mchana, hata kama watoto wangali wacheza, maana alasiri upepo huzidi na mawimbi huinuka. Kuleni sato mjini, kisha mshike njia mapema. Jioni ng'ombe hurudi zizini kwa barabara ile ile, nao hawawaangalii wenye motokaa.