Rangi ya Mabaka Haimdanganyi Samaki

Samaki aliye chini ya boti haioni rangi yake. Anaona kivuli tu. Wangelijua hili, wengi wanaotamani kuichukua boti kuukuu ya alumini na kuipaka mabaka ya kijani na kahawia, mfano wa sare za jeshi, wangebaki na pesa zao mfukoni.

Mwanga hupinda unapoingia majini. Ndiyo maana samaki akitazama juu huiona mbingu nzima, upeo hadi upeo, imekusanyika ndani ya duara lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Boti ikipita katika duara hilo huziba mwanga, na upande wake wa chini huonekana mweusi hata ukipakwa rangi nyeupe pepe. Viumbe vya bahari vimelitatua tatizo hili kwa njia zao. Nguru na jodari wana mgongo wa buluu iliyokoza na tumbo la fedha linalorudisha mwanga wa maji yanayowazunguka. Ngisi fulani wa maji ya kina kirefu wamekwenda mbali zaidi: huwasha mwanga tumboni ili kivuli chao kipotee.

Kinachomfukuza samaki ni kelele. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na ubavu mwembamba wa alumini ukigongwa na kasia au nanga hulia kama sufuria iliyoanguka sakafuni. Mkeka wa mpira mzito ukitandikwa ndani ya boti utamfaa mvuvi kuliko madebe ya rangi.

Basi mabaka hayo humdanganya nani? Bata wa mwituni, kwanza. Wawindaji wa Marekani hupaka boti zao hivyo, wakazificha kwenye matete wakamsubiri ndege anayewatazama kutoka juu. Na humdanganya binadamu. Mwaka 1917, nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizizamisha meli za mizigo za Uingereza, mchoraji Norman Wilkinson, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alipendekeza meli zichorwe michirizi mikubwa inayokatana, nyeusi, nyeupe na buluu. Hakukusudia kuzificha. Alitaka anayechungulia kwa periskopu akosee kukadiria meli inaelekea wapi na kwa kasi gani, ili torpido lipite kando. Zaidi ya meli 2,000 zilipakwa. Jeshi lenyewe lilipokaa kupiga hesabu halikupata ushahidi wa wazi kwamba michirizi ile iliziokoa, ingawa mabaharia waliipenda na iliwatia moyo.

Mombasa nayo iliingia katika historia hii. Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, na baada ya hapo Uingereza iliihamishia Kilindini ngome ya manowari zake za Mashariki, chini ya Admirali James Somerville. Wakati huo manowari nyingi zilivaa mabaka ya kijivu na buluu. Lakini rada haijali rangi, na kadiri ilivyoenea ndivyo michoro ilivyopungua thamani. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanzishwa tarehe 12 Desemba 1964 na lenye makao yake Mtongwe, hutumia kijivu kitupu.

Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi na mabaka kwenye boti ya mvuvi. Mlango wa Kilindini, mbele ya Likoni, ni njia ya meli za makontena. Kanuni za kimataifa zinakubali kwamba nahodha wa meli kubwa asiione bahari iliyo mbele ya omo yake kwa umbali wa urefu wa meli mara mbili au mita 500, wowote ulio mfupi. Boti ndogo tayari ni shida kuonekana. Kuipaka rangi ya mikoko ni kujificha mbele ya mtu ambaye uhai wako unategemea akuone.

Kuna pia suala la alumini yenyewe. Vyombo vingi vya wavuvi wetu ni vya mbao au faiba, na fundi aliyezoea hivyo anaweza kuiharibu boti ya alumini kwa nia njema kabisa. Metali hii ikikwaruzwa, hewa huivika utando mpya papo hapo, na rangi isiyo na praima maalumu hubanduka vipande vipande. Boti ioshwe chumvi iondoke, ipigwe msasa, kisha ipakwe praima ya alumini siku hiyo hiyo. Rangi ya chini yenye shaba, ile inayozuia mwani kwenye mbao, isiiguse kabisa: shaba na alumini zikikutana katika maji ya chumvi hufanya kazi ya betri, na inayoliwa ni alumini, hadi boti itoboke. Hata deheni ya wazee, chokaa kwa shahamu, iliyoyalinda majahazi vizazi na vizazi, haifai hapa, kwa kuwa chokaa huila alumini.

Kwa hiyo, mwenye boti, ubavu upake rangi ya chungwa au njano inayoonekana kutoka mbali. Namba ya usajili iandike kwa herufi kubwa. Pesa zilizobaki nunulia jaketi za kuokoa maisha, moja kwa kila anayepanda.